Kiswahili Kilichovaa Buti

Kuna nyumba ya dobi pale Naguru, kwenye mteremko, ambayo asubuhi huwezi kuiona vizuri. Ukungu wa kilima unateremka, mvuke wa pasi unapanda, vinakutana uani, na mashuka meupe yananing'inia humo katikati bila kamba kuonekana. Mpita njia wa saa moja anaweza kuapa kwamba nguo zinaelea zenyewe. Nakhisa mwenyewe, siku aliyofika kutoka Bungoma, ng'ambo ya mpaka, kutafuta kazi, alisimama getini na mkoba wake akasahau kabisa kilichomleta.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Sasa Nakhisa alikuwa msimamizi, tena msimamizi kweli kweli, si mchezo. Leta! Peleka! Hii nini? Maliza! Luganda, lugha ya wenyeji, ilikuwa inampiga chenga, basi akajishikia Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu mwenye haraka: hakina salamu, hakina tafadhali, kinaenda moja kwa moja kwenye kazi. Kwao Bungoma hivyo ndivyo watu wa kazi walivyosemezana na hakuna aliyenuna. Nami nawaambieni mapema, kabla hamjamchukia: moyo wake ulikuwa mzuri. Mfanyakazi akiugua, Nakhisa ndiye aliyempelekea uji.

Chumba cha pasi kilikuwa cha Alal, mama wa miaka hamsini na kitu kutoka kaskazini, upande wa Gulu. Kazi yake ilikuwa gomesi, lile vazi refu la sherehe lenye mabega yaliyochongoka. Gomesi lisiponyooshwa vizuri mabega yanalala, na mama wa bibi harusi anaonekana kama kanyeshewa na mvua njiani. Alal akiyasimamisha yalisimama mpaka wageni wa mwisho waage. Watu walivuka mji mzima na vifurushi vyao kwa ajili ya mikono ile.

Ila Alal hakusema. Angalau kwa Nakhisa, hakusema. Umwambie nini, umwulize nini, jibu lake lilikuwa "mm" fupi, macho kwenye pasi. Nakhisa aliona ni dharau tupu, akazidi kupaza sauti.

Mlango wa chumba hicho ulikuwa unafungwa kwa komeo kutoka ndani, maana vumbi la barabara likiingia, nguo nyeupe zimeharibika. Nakhisa alifika pale mara nne, mara tano kwa siku, amebeba kapu kwa mikono miwili. Sasa mtu ambaye mikono yake imejaa afanye nini? Aliupiga mlango teke. "Fungua! Haraka!"

Jumatatu moja Madam Jalia, mwenye biashara, akamwita ofisini. Alal alikuwa ameomba kuacha kazi. Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho, na sababu hakuitaja.

"Huyu ni wa tatu kuondoka chini yako," Madam Jalia alisema, kwa upole uliomtia Nakhisa baridi. "Wale wawili nilinyamaza. Alal akienda, bibie, na wewe utamfuata. Zungumza naye."

Kuzungumza! Basi Nakhisa akaona hilo ni jambo dogo, kuzungumza ndiyo kazi yake. Jumanne akafika mlangoni na kapu. Teke, teke. "Fungua! Haraka!" Alal akafungua. Nakhisa akatua mzigo, akamwaga hotuba aliyoipanga tangu alfajiri: namna Alal anavyothaminiwa, Jumamosi atakazopumzika, pasi mpya itakayonunuliwa. Mwisho akauliza, "Kwani nimekukosea nini? Sema basi!"

"Mm," alisema Alal.

Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Nakhisa aliona kwamba mkono usioshika pasi ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa meza. Jumatano alimletea gonja, zile ndizi za kuchoma, za moto kwenye karatasi. Zilipoa juu ya meza mpaka jioni.

Alhamisi mchana aliyemwita alikuwa Bushira. Bushira alishona vifungo dirishani, humo humo kwenye chumba cha pasi. Alikuwa Mnubi wa Bombo, mji wa kambi, mjukuu wa askari, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akamvuta Nakhisa nyuma ya nyumba, penye mapipa ya maji, akammiminia chai.

"Mwanangu, nikuambie kitu na usikasirike?"

"Niambie, mama."

"Ile Swahili yako imevaa buti."

Nakhisa akacheka. Bushira hakucheka, na kicheko kikakosa mwenzake kikaisha.

"Babu yangu askari, baba yangu askari. Swahili mimi nimezaliwa ndani yake, naipenda. Lakini nikiwa msichana, nikiongea nayo pale Kalerwe, wamama wanavuta watoto wao karibu. Sijafanya kitu mimi! Nimeuliza bei ya nyanya tu." Alipuliza chai yake. "Wewe kwenu Swahili ni ya shule, ya kanisa, ya kuchekesha watu. Huku wengi walikutana nayo mlangoni. Wakati wa vita. Mtu wa bunduki anapiga mlango na mguu, halafu anasema. Wewe unajua anasema nini, unasema kila siku."

Nakhisa akatua kikombe. "Alal amekuambia hivyo?"

"Hajaniambia, na mimi sijamwuliza. Kuna mambo mtu haulizwi. Lakini nakaa pale dirishani. Kila ukipiga mlango, namwona anavyoshika meza."

Jamani, aibu ile! Ilimpanda kutoka miguuni. Alijaribu kuhesabu mateke ya miaka mitatu na akashindwa. Alikwenda nyuma ya kabati la taulo akalia, akiwa ameziba mdomo kwa taulo, maana hata kilio chake aliogopa kisije kikasikika.

Ijumaa ukungu ulikaa sana. Alal alikuwa uani akianua mashuka, taratibu, kama mtu anayeaga kila moja. Nakhisa alimwendea bila kapu, bila daftari, bila hotuba. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja, linataka wawili, kila mmoja na ncha zake. Akashika ncha zilizokuwa zikiburuzika chini, akasimama.

Wakakunja. Unanyoosha, unavuta kidogo, unamfuata mwenzio mpaka vidole vyenu vinagusana, unampa ncha zako, unarudi nyuma kuchukua mkunjo. Wanakaribiana, wanaachana. Shuka la pili, la tatu, la saba. Weupe ulikuwa mbele, weupe ulikuwa nyuma, na Naguru yote ilikuwa imeyeyuka isipokuwa mikono minne. Nakhisa alihisi kana kwamba yuko usingizini na hataki kuamshwa. Kila walipokutana aliuona uso wa Alal kwa karibu, na akajua kwamba hakuwahi kuutazama. Kulikuwa na kovu dogo juu ya jicho. Nyusi zilikuwa zimeanza mvi.

Kwenye shuka la kumi akasema, kwa sauti ambayo hata mimi ningelazimika kuinama niisikie, "Umelala vipi, mama?"

Miaka mitatu, na ndiyo mara ya kwanza anauliza.

"Mmm," alisema Alal. Lakini hii ilikuwa ndefu, ile ya watu wa huku wanaposalimiana, na macho aliyainua. Nakhisa akaitikia, "Mmm." Wakakunja mashuka mawili zaidi.

"Ule mlango," Nakhisa alisema. "Sikujua. Nisamehe."

Basi. Moyo wake ulikuwa na mengine chungu nzima: usiende, nina mtoto shuleni, nitafukuzwa, nipe hata wiki moja. Akayauma yote. Kwa mtu kama yeye, kunyamaza pale kulikuwa kazi nzito kuliko makapu yote aliyowahi kubeba.

Jioni Alal alichukua mfuko wake akapita getini bila kugeuka. Madam Jalia alimtazama Nakhisa kutoka ofisini. "Jumatatu njoo tuongee," akasema.

Jumatatu Nakhisa alifika mapema. Kwa kuwa hakuna aliyemkataza bado, akabeba kapu la gomesi mpaka chumba cha pasi. Komeo lilikuwa limefungwa. Labda ni Bushira, akafikiri. Labda wamekwisha kumpata mtu mwingine. Mguu wake ukainuka wenyewe, kwa mazoea, naye akaurudisha chini. Akatua kapu sakafuni.

"Hodi," akasema.

Neno hilo alilelewa nalo kwa bibi yake, na tangu avuke mpaka hakuwahi kulitumia. Mvuke ulitoka chini ya mlango ukamzunguka vifundo.

"Hodi."

Kwao, ukipiga hodi ya tatu bila kuitikiwa, huna haki tena ya kusimama hapo, unageuka unakwenda zako. Alipiga ya tatu, polepole. Akangoja. Kisha akainama, akainua kapu, akageuka.

"Karibu," ikasema nyuma yake sauti ambayo kwa miaka mitatu haikuwahi kumpa neno moja la Kiswahili, na komeo likafunguka.