Mluzi wa Mwenyekiti

Modestus alifanya kazi ya bima. Kutwa alikaa ofisini huko Irving, Texas, akisoma madai ya watu waliounguza majiko yao, na alilipwa ili awaeleze kwa upole kwamba walijitakia. Mtu wa namna hiyo usingemdhania kuwa mpenzi wa moto. Lakini alikuwa mpenzi kweli kweli, na mwaka 2017 akaanzisha chama cha kutengeneza fataki ndogo za nyumbani.

Chama kilikutana Jumamosi alasiri kwenye gereji yake, DeSoto. Wanachama walikuwa watatu, na wote viongozi. Modestus alikuwa mwenyekiti. Katibu alikuwa Isack, kijana aliyesomea uhandisi. Egide, Mrundi aliyefanya kazi hotelini karibu na uwanja wa ndege na aliyejifunza Kiswahili kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, alikuwa mweka hazina wa chama kisicho na hazina.

Kazi yao ilikuwa kujadili. Walijadili kama fataki iwe fupi na nene kama kinu, au ndefu na nyembamba kama mchi. Walijadili kitako, ili isianguke. Walijadili nguo ya kuizungushia kwa nje, na hapo Egide akashinda: kitenge. Isack alichora michoro mizuri kwenye kompyuta, yenye mishale mingi. Jambo moja tu hawakuligusa, nalo ni kile kinachowekwa ndani. Kila lilipokaribia, mwenyekiti alikohoa na kusema, "Hilo ni suala la kiufundi, tutalifikia," na wote wakashusha pumzi.

Kilichowagawa ni mluzi. Egide alitaka fataki ipige mluzi inapowaka. Modestus hakutaka hata kusikia.

"Fataki ya heshima huonekana, haisikiki," alisema. "Mluzi ni wa birika la chai."

"Mwenyekiti, mimi nimekimbia milio mingi maishani," Egide akajibu taratibu. "Nataka mmoja wa kuchekesha."

Isack akaahirisha kikao, na hoja ikaahirishwa hivyo hivyo mwaka mzima na zaidi.

Juni 2019, baada ya misa ya Kiswahili, watu walikuwa wakipangiana vitu vya kupeleka tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, kwenye shamba la Vicent, muumini mwenzao, nje ya mipaka ya mji, ambako kuwasha fataki kunaruhusiwa. Huyu pilau, yule mbuzi. Ilipofika zamu ya Modestus, ulimi ukamteleza.

"Nitaleta fataki," akasema. "Tuliyotengeneza wenyewe."

Isack na Egide wakamtazama kama mtu aliyetangaza harusi kabla ya kuposa.

"Mchanganyiko niachieni mimi," akawanong'oneza.

Aliushughulikia hivi: aliendesha gari hadi kwenye kibanda kimoja kando ya barabara kuu, njia ya Waxahachie, akanunua fataki ya kiwandani iliyokaribia umbo la mchoro wa Isack, akabandua karatasi yake yenye picha ya joka na maelezo marefu ambayo hakuyasoma, kisha akaivika kitenge. Mkewe, Bertila, aliyekuwa nesi, alimkuta gerejini akiwa na gundi hadi viwikoni.

"Baba Glory, hicho si kitenge changu cha Pasaka?"

"Ni kwa ajili ya jumuiya, Mama Glory."

Bertila akaliangalia joka lililokuwa kwenye pipa la taka, akageuka akaenda zake. Ndoa ndefu humfundisha mtu kutunza pumzi.

Siku ikafika. Jua lilipokuwa likizama watu walikaa duara pale shambani, na Modestus akatoa hotuba fupi ambayo haikuwa fupi. Kisha akawasha. Cheche za dhahabu zikapanda, zikageuka kijani, watu wakaguna kwa raha. Halafu kutoka tumboni mwa kile kitenge ukatoka mluzi: mrefu, mwembamba, wa kupasua masikio, hata mbwa wa Vicent wakaingia chini ya gari. Modestus alisimama kinywa wazi. Egide alimjia na kumkumbatia, macho yamemlowa.

"Umeniwekea mluzi," akasema.

"Nili... niliyafikiria maneno yako," akajibu Modestus.

Fataki yenyewe ilisahaulika upesi. Kilichosifiwa wiki nzima ni unyenyekevu wa kiongozi aliyekubali kushindwa, na kuna mama aliyeuliza kwa nini wanaume wengine hawawi hivyo.

Jumamosi iliyofuata Isack alifungua kompyuta. "Sasa mwenyekiti, tufundishe mchanganyiko."

Modestus akaanza na sheria za mji, akaingia kwenye bima, akafika kwenye upepo. Alikuwa bado kwenye upepo Bertila alipopita na kapu la nguo za kufua.

"Aliinunua," Bertila akasema. "Kibandani, njia ya Waxahachie."

Modestus akaangalia sakafu.

"Najua, shemeji," akasema Egide. "Nilikuwa kwenye foleni nyuma yake, nimevuta kofia. Na mimi nilienda kununua moja ya akiba, nikijua mambo yatamshinda." Akamgeukia Modestus. "Lakini kati ya zote zile, kaka, wewe ulichagua yenye mluzi. Hilo ndilo lililonitoa machozi."

Modestus alifungua kinywa kueleza habari ya maelezo ambayo hakuyasoma. Akamtazama Egide usoni. Akakifunga.

"Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu anayejua kutengeneza?" Isack akauliza.

"Na iwe hivyo hivyo," akasema Bertila. "Wagonjwa wa kuungua ninaowahudumia kazini wananitosha."

Isack akafikiri kidogo, kisha akavuta kiti karibu na meza. "Basi turudi kwenye kitako."

Chama hakikufa. Mwaka uliofuata, korona ilipowafungia majumbani, vikao vilihamia kwenye simu, na Modestus akawa mtetezi mkubwa wa mluzi, akihutubia juu yake kwa ari hata Egide akazoea kuzima sauti na kwenda kuchemsha maharage.