Kaka Mtu Alizika Tezi za Anselmo

Mume wangu Anselmo anachonga vinyago vya mpingo pale Mbagala tangu hatujaoana. Ubishi ni wa ukoo wao, lakini kaka yake Albano amewazidi wote. Simpendi, na nasema wazi.

Anselmo alipokutwa na saratani changa ya tumbo, daktari alituita akatueleza. Angekata sehemu ya tumbo pamoja na tezi zinazolizunguka, kwa sababu saratani ikitoka tumboni hupitia kwanza kwenye tezi hizo. Zikipimwa zikawa safi, mgonjwa anarudi kazini kwake. Zikiwa nayo, anaanza dawa za dripu mapema. Albano alikuwepo, anachezea simu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Hospitali ile haikuwa na mtaalamu wa kupima nyama, kwa hiyo nesi alimkabidhi Albano ndoo ndogo yenye kile kipande cha tumbo na zile tezi, vimelowekwa kwenye dawa ya kuzuia kuoza, azipeleke maabara mjini. Ndugu wa wagonjwa hufanya hivyo kila siku.

Wiki zikapita. Kila nikiuliza, ananijibu, "Bado, shemeji, foleni kubwa."

Siku ya kliniki daktari akapiga simu maabara mbele yetu. Jina la Anselmo halikuwepo.

"Shemeji, ndoo iko wapi?" nikamuuliza.

"Nilizika uani kwangu," akasema, bila hata aibu. "Nikazitoa kwenye yale madawa, nikazifunga kitambaa cheupe, nikasali. Sie kwetu hata kidole kikikatika kinazikwaga. Nyama ya mdogo wangu wakaichezee watu nisiowajua?"

"Si ungezika zikishapimwa!"

"Wangenirudishia, hao?"

Nilimtukana matusi yote ninayoyajua, mbele ya daktari, na sijutii hata moja.

Daktari alisema zilizooza hazipimiki. Sasa ama ampe Anselmo dawa kali ambazo labda hazihitaji, ama amwache tusubiri ugonjwa ujitokeze wenyewe.

"Kwa hiyo hamjui kama nimepona?" Anselmo akauliza.

"Hatujui, baba. Na hatutaweza kujua."

Anselmo akainuka taratibu, mkono kwenye kidonda, akamtazama Albano.

"Kaka, umeshanizika bila kuniuliza. Siku nikifa kweli, usije kunitupia udongo."

Albano akaangua kilio. Nikamwambia akalie nje, daktari ana wagonjwa.