Cherehani Ikinyamaza

Chumba cha kazi cha shangazi yangu na cha fundi viatu vimetenganishwa na ubao mmoja tu, mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, shangazi humwitikia "Afya!" bila kuinua kichwa. Ana miaka kumi na moja anashona pale. Anajua nani kaposa na nani kakataliwa, na hajawahi kuniambia hata mimi, ninavyojua kubembeleza!

Jumamosi iliyopita Mama Kwaya, kiongozi wa kwaya, aliingia amefura.

"Nipe kitambaa changu."

Kilikuwa cha majoho arobaini ya kwaya, kazi kubwa kuliko zote alizopata shangazi mwaka huu. Kilikuwa bado hakijakatwa.

"Kuna nini tena, dada?"

"Juzi niliongea na simu hapo kwa fundi viatu, nikasema nataka kuacha uongozi. Leo kwaya nzima inajua. Umenidukiza!"

"Nilikusikia," shangazi akasema. "Sikukudukiza. Wala sijamwambia mtu."

"Tofauti iko wapi?"

"Iko mguuni." Akaonyesha kanyagio la cherehani. "Maneno ya watu yakija, mimi nakanyaga. Yakipenya, yamepenya. Kudukiza ni pale ninapousimamisha mguu ili nipate yote."

Mama Kwaya akacheka kwa dharau. "Na shahidi wako nani? Huo mguu?"

"Mimi hapa!" ubao ukajibu. Mara fundi viatu akatokea mlangoni, nyundo mkononi. "Siku ile cherehani haikupumua, mama. Ilibidi upige kelele kuishinda, umesimama nje kwangu na kiatu kimoja. Mpaka vijana wa pikipiki ng'ambo ya barabara walikusikia. Mmoja aliniuliza kiongozi mpya ni nani."

Lakini Mama Kwaya hakukubali kushindwa haraka. "Basi, ikinyamaza, unajuaje kuwa anadukiza?"

"Ah!" fundi viatu akadakia. "Siku niliyogombana na binti yangu kuhusu mchumba wake, ilinyamaza nusu saa nzima!"

Nikamtazama shangazi. Angeweza kusema uzi ulikatika. Uzi hukatika kila siku.

"Hiyo nilidukiza," akasema, macho chini. "Nisamehe, kaka. Yalikuwa matamu."

Fundi viatu ndiye aliyeanza kucheka. Mama Kwaya alijikaza, midomo ikamcheza, mwisho akaangua kicheko hadi akashika meza.

"Kama hilo umelikiri mwenyewe, na hili nakuamini," akasema, akikisukuma kitambaa mbele ya shangazi. "Haya, kata. Langu uliache pana kiunoni."

Akatoka, akapitia kwa fundi viatu. Safari hii alinong'ona: "Sasa, huyo mchumba wa binti yako..."

Shangazi alikuwa amerudia kushona gauni la mteja mwingine; mguu wake ukasita. Niliuona kwa macho yangu, na sitakataa kwamba mimi nilishaacha hata kupumua.

Nyundo ikagonga ubao mara tatu.

"Kanyaga, dada!"

Akakanyaga huku anacheka, mshono ukaenda kombo, ikabidi aufumue wote.