Siku Tuliyovutwa kwa Kamba

Hebu niambie, wewe umeshawahi kuheshimiwa mpaka ukatafuta pa kutokea ukapakosa? Mimi yamenikuta. Hapa hapa Masasi, nimevaa kitenge kipya na viatu vya kisigino, nimefungiwa ndani ya gari la watu, nje wanapiga vigelegele.

Basi, mzee wangu, mume wangu huyu, alikuwa anastaafu upolisi. Na polisi wana desturi yao: mkubwa akistaafu, hatoki getini kwa mguu wala kwa moto wa injini. Gari linazimwa, linafungwa kamba mbele, askari wanalivuta taratibu mpaka nje ya geti, yeye ndani anapiga saluti. Mzee wangu hakuwa mkubwa hivyo, sajenti tu, lakini wale aliowafundisha kazi wakasema, huyu naye tunamvuta. Wakaazima gari zuri. Usukani akapewa mjukuu wetu wa kike, naye ni askari siku hizi, yuko kituo kingine, akaombewa ruhusa aje amtoe babu yake. Mimi na mzee tukawekwa kiti cha nyuma kama maharusi.

Ngoja kwanza nikwambie kilichokuwa kinanikaba. Toka niolewe nimeishi kota za polisi. Kota ya Lindi, kota ya Tunduru, kota wapi. Ukikohoa, jirani anakupa pole ukutani. Ukipanda mchicha, haujachanganya majani, uhamisho huo! Anaula mke wa mwingine. Na Newala kule kuna shamba la mikorosho la mama yangu. Kwetu shamba linakwenda kwa binti, na dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa ananilindia. Kila nikisema, "Baba, twende kwetu," mzee ananijibu, "Nikistaafu." Haya, amestaafu. Naambiwa tunahamia Mkomaindo, hapa hapa mjini, kapata nyumba jirani na hospitali, kwa ajili ya presha yake. Niliulizwa? Sikuulizwa. Na dada keshatuma neno: miguu imekataa, wanawake wa ukoo watakuja kwenye sherehe kuchukua jibu langu. Kama sirudi, shamba anapewa binti mwingine.

Ndiyo nimekaa na jibu hilo kifuani. Injini ikazimwa. Dirisha la mzee walishalishusha ili watu wamwone. Langu liko juu, na injini ikizimwa halishuki tena. Jua la saa saba hilo! Nikashika kitasa cha mlango, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena, wapi! Jasho likashuka na wanja. Nje wanaita, "Mama oyee!" Na mimi natabasamu, maana ungefanyaje?

Nikakumbuka nilipokuwa mwali, tulivyofungiwa ndani, tukaambiwa mwali hasemi, mwali haangalii watu. Siku ya kutolewa unafunikwa kanga, watu wanacheza ngoma kwa ajili yako, wewe mwenyewe huna ruhusa hata ya kujikuna. Nikasema moyoni, kumbe sijatoka bado.

Nikamwangalia mzee. Mkono kwenye kofia, shingo imekakamaa, macho mbele. Askari akiwa kwenye saluti hageuki, hajibu. Looo! Kumbe na huyu kafungwa.

"Baba," nikamwambia taratibu, "mimi Mkomaindo siendi."

Sharubu zikacheza.

"Nakwenda Newala. Mikorosho ya mama inaingia pori. Uhamisho wako nimeufuata wote, sasa leo nakupa wangu."

Mbele pale mabega ya mjukuu yakaanza kutikisika. "Afande babu," akasema bila kugeuka, "umepewa amri hiyo."

"Shika usukani, wewe!" mzee akasema, meno ameyabana.

Hapo ndipo wanawake wa Newala walipofika, kosta yao imechelewa mteremkoni. Wanashuka, wanaona gari linavutwa kwa kamba, askari jasho linawatoka. Desturi ya polisi wataijulia wapi? "Maskini, shemeji gari limemfia siku ya sherehe yake!" Wakatua vikapu vya ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, wakajifunga kanga viunoni, wakaenda nyuma, wakasukuma! Wanawake wa shamba wale, wamezoea magunia ya korosho. Gari likaruka. Kamba ikawalegea wavutaji, wakaanza kukimbia wasigongwe, gwaride likawa mchakamchaka. Mkubwa wao anapiga kelele, "Akina mama, acheni! Ndiyo heshima yenyewe hiyo!"

"Heshima gani ya kuchosha watoto wa watu? Sukumeni, jamani!"

Tukatoka getini kama tumefukuzwa. Mjukuu akakanyaga breki, kofia ya mzee ikaangukia mapajani, saluti ikafa hapo hapo. Wanawake wakajaa kwenye kioo changu, wanagonga. "Dada, jibu! Tumetumwa jibu!" Nasema, hawanisikii. Nawaonyesha mlango, wanadhani nawapungia. Na wao wananipungia.

Mzee akaokota kofia, akaipangusa. Sasa alikuwa raia, mkono umeshuka, angeweza kunikatalia. Nikamsubiri. Akatoa kichwa dirishani kwake.

"Shemeji zangu, hamjambo? Palizi huko mnaanza lini?"

We! Vigelegele walivyopiga, hata bendi ya polisi iliyokuwa inapiga getini ilinyamaza.

"Na presha yako?" nikamuuliza.

"Kwani Newala hakuna hospitali?" Halafu akashusha sauti. "Ila jembe nimelisahau. Usinicheke."

"Nitakucheka."

Mlango sasa! Mjukuu ndiye aliyezunguka akanifungulia kwa nje. Nikatoka nimelowa chepechepe. Akanionyesha kidude kidogo ubavuni mwa mlango, wanakibana ili watoto wasifungue gari likitembea. Watoto! Nikamwambia, "Mimi na mvi zote hizi, nafungiwa kitoto?"

Hakucheka. Akakibanua kwa kidole, akanishika mkono. "Nisamehe, Bibi. Nakuahidi, sitakupandisha tena gari lolote kabla hujaniambia mwenyewe unataka kwenda wapi, na kabla sijakuonyesha mlango wake unafunguliwaje."