Haraka ya Mama Eunice

Simu ya Daudi ilimkuta Machage zizini, fungu la majani ya ng'ombe likiwa bado kwapani. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili kasoro asubuhi. Daudi ndiye mganga wa zahanati aliyofanyia kazi Felista, mke wa Machage, na hakuwahi kumpigia simu hata mara moja.

"Tata Machage, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini, daktari?"

"Njoo huku barabarani. Pale juu kilimani, kabla ya kushuka kuja zahanati."

"Mama Eunice ameanguka na baiskeli?"

"Hapana. Baiskeli iko salama. Ameiegemeza vizuri kwenye nguzo ya umeme. Njoo tu, mzee. Usije peke yako."

Machage akaliachia lile fungu. Kama baiskeli ingekuwa imeanguka, angejua la kufikiri: lori la kwenda Sirari, shimo, breki. Lakini baiskeli iliyoegemezwa vizuri hakujua aifikirie vipi. Akamwita mdogo wake Heche alete pikipiki, wakaondoka.

Felista Wegesa alikuwa muuguzi, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, mama wa mtoto mmoja, Eunice, anayesoma kidato cha nne. Nyumba yao iko pembezoni mwa mji wa Tarime: vyumba vinne, bati jekundu, kiwanja kilichopimwa chenye hati. Nyuma ya nyumba, karibu na migomba, amelala mama yake Machage.

Hati hiyo ndiyo iliyowaletea mambo. Miaka sita iliyopita Machage aliiweka rehani benki ili anunue Fuso, abebe mahindi kutoka vijiji vya Serengeti mpaka Sirari. Mkopo ulikuwa wa miaka tisa. Sheria inataka mke naye akubali kwa maandishi, hivyo afisa wa mikopo akamuuliza Felista kama ameyaelewa masharti. "Baba Eunice ameelewa," akajibu, akatia sahihi. Hakusoma hata mstari mmoja. Baadaye alisimama mwenyewe kanisani mbele ya akina mama wa kikundi cha Dorkasi, akasema kwamba siku ile alimwachia mtu mwingine akili aliyopewa na Mungu.

Fuso lilifanya kazi mwaka mmoja na miezi kadhaa, kisha likapinduka Nyansurura, kwenye daraja dogo, likiwa limejaa mahindi. Mungu alimwokoa dereva na utingo wake. Gari halikuokoka, na bima ilikuwa ile ndogo isiyolipa gari lenyewe. Marejesho yakasimama. Ikaja barua ya kwanza, ikaja ya pili, halafu asubuhi moja wakaja vijana wawili na utepe wa kupimia, wakaanza kupiga picha nyumba mbele na nyuma. Machage alijifungia chumbani kwa aibu. Felista ndiye aliyetoka, akamkuta mmoja wao amesimama karibu na migomba na simu yake, akitafuta mahali ambapo paa lote lingeonekana.

"Mdogo wangu, hapo umesimama juu ya mama mkwe wangu."

Kijana akaruka kama aliyekanyaga makaa. "Samahani mama! Sikuona alama."

"Alama ni mimi. Sasa umeiona."

Kesho yake alikwenda benki. Akajaza fomu ili marejesho yakatwe kwenye mshahara wake, ingawa mkopo ulibaki kwa jina la Machage. Kutoka huko akapita kwa Nashoni, fundi baiskeli wa karibu na stendi, akanunua baiskeli iliyotumika, yenye karia nyuma. Nauli ya pikipiki kwenda na kurudi zahanati kila siku ilikuwa inakula pesa nyingi. Kuanzia siku hiyo nauli yote ikaenda SACCOS ya wauguzi, na yeye akaenda kazini kwa miguu yake: kilomita kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, na kile kilima katikati.

"Sitaki kulipa miaka yote hiyo," alimwambia mumewe. "Nataka tumalize kabla."

Mji mdogo hauachi jambo kama hilo lipite. Kwenye mashine ya kusaga, gengeni, kwa kinyozi, Machage alikuwa akipokelewa kwa vicheko.

"Tata Machage! Tumempita mkeo anakata kilima kama askari. Wewe umebaki unampikia uji?"

"Uji wenyewe anaunguza!"

Alicheka nao, kisha akarudi nyumbani amevimba.

"Unanitangaza," alimwambia Felista. "Kila ukikanyaga hiyo baiskeli unawaambia watu Machage ameshindwa."

"Basi nikanyage kimyakimya?"

"Nasema jambo la maana, mama."

"Na mimi pia. Kesho nina kilima."

Mwaka wa kwanza alikuwa akipanda akiimba, na watoto wa njiani walimjua kwa sauti kabla hawajamwona. Siku ya Sabato baiskeli ilipumzika ukutani, na yeye akaenda kanisani kwa miguu, taratibu, amevaa sare yake nyeupe ya Dorkasi.

Mwaka wa tatu alikwenda Musoma siku tatu. Alisema ni semina. Tangu aliporudi, haraka yake ikawa ya namna nyingine. Aliuza ng'ombe wake wawili aliopewa na mama yake mzazi, bila kumshauri mtu. Akaacha kuimba. Watoto wa njiani walianza kumwona kabla ya kumsikia.

Siku moja alisimama kwa Nashoni akihema.

"Nashoni, hii baiskeli imekuwa nzito. Tazama beringi."

Nashoni akafungua magurudumu, akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akapaka grisi mpya. Akalizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja. Likazunguka, likazunguka, mpaka akachoka kulitazama.

"Mama Eunice, baiskeli haina ugonjwa."

"Basi nishushie kiti."

Akakishusha. Baada ya mwezi akarudi tena, akataka kishushwe zaidi.

"Sasa magoti yatakugonga kidevu, mama. Utaonekana kama mtoto aliyeiba baiskeli ya baba."

Alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati. "Nataka nikisimama miguu ifike chini. Shusha."

Nashoni hakupenda mambo hayo. Alipomwona Machage sokoni alimweleza. Machage akamjibu, "Mwambie basi aiache hapohapo kwako."

Kwani Machage naye alikuwa ameona mambo yake nyumbani, na aliyasoma vibaya yote. Felista alianza kulala ameketi, mito mitatu mgongoni. Machage akaamini kwamba mkewe hataki tena kulala ubavuni pake. Aliacha viatu vyake vya kazi akawa anavaa ndala kubwa za mumewe; Machage akaona ni dharau, mwanamke ameanza kuvaa viatu vya mwenye nyumba. Hakutazama miguu iliyokuwa ndani ya zile ndala.

Sabato moja baada ya chakula cha mchana Machage alisema, kwa uchungu wake tu, "Afisa aliniambia ule mkopo una bima. Mwenye jina akifa, deni linafutwa. Labda ningekufa tu, upumzike na hiyo baiskeli."

Felista akaweka kijiko chini. "Na mke akifa?"

"Akifa mke hakuna kitu. Deni linabaki, na anayelilipa hayupo. Wanakuja kuchukua nyumba."

"Na walio nyuma kwenye migomba?"

Felista akachukua kijiko. "Basi usiniletee habari za kufa. Kula."

Wiki ileile alichukua jembe, akasafisha kipande cha ardhi pembeni mwa kaburi la mama mkwe wake. Alipiga jembe mara tatu, akapumzika, akapiga tena tatu. Ilimchukua siku nne.

"Unataka kujenga jiko huko?" Machage alimuuliza.

"Hapana. Ila hapo usipande mahindi."

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja na barua iliyochapwa. Akiba yake ya SACCOS pamoja na fedha ya wale ng'ombe ilikuwa imefikia deni lililobaki. Lakini benki haimalizi mkopo kabla ya muda kwa maneno ya mdomo. Lazima aombe mwenye jina, na sahihi iwe yake. Machage akaangalia ile jumla iliyoandikwa. Alijiona mdogo sana. Tena Heche alikuwa amekwisha kumwingiza maneno: kwa nini fedha yote imezwe na benki, wakati ingeweza kununua pikipiki mbili, zikazaa, na deni likaendelea kulipwa polepole?

"Niachie niisome," Machage alisema.

"Soma," Felista akajibu. "Mimi yangu sikuisoma."

Akaiweka chini ya redio. Kila asubuhi Felista alipita pale, akaiinua redio, akaona mahali pa sahihi peupe, akaishusha. Akafunga mkoba wake kwenye karia, akaondoka. Machage alikuwa chumbani akisikia ile redio ikiinuliwa na kushushwa, na kila siku aliahidi moyoni kwamba atatia sahihi jioni. Jioni ikifika, ile jumla ilikuwa palepale, na kiburi chake palepale. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu.

Asubuhi moja Felista alirudi kutoka mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili.

"Baba Eunice. Tangu tufunge ndoa nimekuomba nini?"

Machage akatafuta. Hakupata.

"Basi naomba hiyo sahihi."

Akatia sahihi wakati uleule, kwa kalamu ya mtoto.

Hati ilitoka benki Jumatatu. Felista aliileta kwenye mkoba wa kazi, nyuma ya baiskeli, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Akaiweka mezani, akaketi.

"Isome kwa sauti. Yote."

Machage akasoma jina lake, namba ya kiwanja, ukubwa, mipaka. Felista alisikiliza amefumba macho, kama vile mtu anayesomewa Maandiko. Mwishoni akasema, "Amina."

"Sasa baiskeli basi," Machage alisema. "Panda pikipiki."

"Mshahara ukitoka. Tumelipa mpaka sarafu ya mwisho, mfukoni sina hata mia. Mwisho wa mwezi naanza likizo."

Jumanne alikwenda. Jumatano alikwenda. Alhamisi Machage alimsikia akifungua mlango, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi hakusikia redio ikiinuliwa.

Pale kilimani walimkuta ameketi, mgongo kwenye jiwe, mkoba mapajani. Mama mmoja wa njiani alikuwa amemfunika kwa kanga. Baiskeli ilikuwa kwenye nguzo, usukani umegeuzwa vizuri ili isiteleze. Machage akainua kanga upande wa miguu, na ndipo alipoona jinsi ilivyokuwa imejaa, ngozi ikimetameta, alama za mikanda ya ndala zimezama.

"Tangu lini?" akamuuliza Daudi.

"Tangu Musoma, mzee. Moyo wake ulikuwa umepanuka. Walimkataza kazi nzito. Mimi nilimkataza baiskeli mpaka tukagombana. Alinikataza nisiseme, na yeye ni mgonjwa wangu, ningefanyaje?" Daudi akafuta uso kwa kiganja. "Alikuwa na hesabu yake. Alisema hati ikitoka tu, mwisho wa mwezi huohuo ataanza likizo na ataiacha baiskeli. Alitegemea itoke mwezi uliopita."

Machage alihesabu. Wiki tatu. Siku kumi na tano za kazi, na kilima kile mara mbili kila siku. Akaketi chini karibu na mkewe, juu ya majani, na Heche aliposhika bega lake akautoa mkono wake.

Alizikwa Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato. Watu walijaa mpaka barabarani. Ndugu wa Kenya walivuka Isebania na basi dogo. Wauguzi walikuja na sare zao, na akina mama wa Dorkasi walimvika Felista sare yake nyeupe. Nashoni alifunga duka lake.

Wasifu wa marehemu ulipokwisha kusomwa, Machage aliomba kusema. Mzee wa kanisa alitaka kumzuia, akaona uso wake, akamwachia kipaza sauti.

"Mimi sina mengi. Mmesikia kwamba aliikomboa nyumba hii. Ni kweli. Kilichoachwa hapo ni kwamba karatasi ilikaa kwangu wiki tatu. Aliniletea, nikaiweka chini ya redio. Nilikuwa naona haya. Eunice, mwanangu, nimekosa kwako na kwa mama yako. Wanakanisa, niombeeni kwa Mungu."

Eunice alitoka kwenye benchi la wanafunzi, akaenda kusimama pembeni ya baba yake, hakumshika, lakini hakuondoka.

Kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye kile kipande alichokisafisha mwenyewe, pembeni mwa mama mkwe wake. Kwaya iliimba nyimbo mbili. Mchungaji akaomba. Jeneza likashushwa kwa kamba saa tisa na nusu. Machage alitupa udongo wa kwanza, Eunice akafuata, kisha ndugu, kisha wauguzi. Vijana wakafukia kwa makoleo, wakisaidiana na Heche, ambaye hakukubali kupokewa koleo mpaka mwisho. Waliweka msalaba wa mbao wenye jina na tarehe mbili, na mashada manne. Mchungaji akatoa baraka. Watu wakanawa mikono, wakala, na wa mbali wakaanza kuondoka kabla ya mvua.