Mkwe Niliyemkwepa Migombani

Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele hakuna kicheko. Haya hayakumpata jirani wala shoga yangu. Yamenipata mimi, hapa hapa Kisondela, na mguu ulioruka mfereji siku ile ndio huu.

Mimi ni mtu wa Mafia. Kwetu kisiwani baba mkwe unamwamkia na mkono wake unaubusu. Nilipoolewa huku Rungwe nikakuta mambo: mvua isiyojua kukoma, ukungu unaoingia hadi jikoni, ndizi mbichi za kupika asubuhi na jioni. Na hili la wakwe. Mke wa mtu hamtazami baba mkwe. Akimsikia anakuja, anatoka njiani na kujificha, na hata jina lake halitamki, mpaka akubaliwe rasmi.

Wiki ya kwanza nilimwambia mume wangu kuna mzee anapita nyuma ya migomba jioni, anakohoa na kuburuta fimbo. Aliinuka, akafunga mlango. Kisha akasema, "Ndiye Baba. Anakaa Matwebe kwa kaka, huja kuangalia shamba. Hajakukubali bado. Ukimsikia, jifiche."

Basi nikajificha, niamini. Hata nikiwa na ndoo kichwani, nikisikia kikohozi nilizama migombani na khanga usoni. Nilitaka anikubali tu, niwe mtu wa nyumba ile. Na habari zake ningemuuliza nani, ikiwa jina lenyewe ni mwiko?

Jioni moja ya ukungu akasimama. Chini ya pindo la khanga niliona mabuti yake, makavu kabisa, na mvua ilikuwa imeshinda ikinyesha. Akasema taratibu, "Mwanangu, mimi sijakukataa. Mbona hunisalimii?"

Niliruka mfereji nikakimbilia kwa jirani, Mama Atu. Wallahi, nilikuwa na furaha. Nikamwambia baba mkwe kaniita mwanangu.

Mama Atu akaacha kumenya ndizi. "Ee mama, mkwe yupi? Yule tulimzika siku mnafunga ndoa kwenu. Mwanawe alipigiwa simu, hakuja."

Akanishika mkono, akanipeleka hadi nyuma ya nyumba yetu, kwenye rundo la mawe. Mume wangu alikuwa ameniambia mawe yale yametolewa shambani. Kila siku nilikuwa nikiyakalia nikimenya ndizi.

Nilipomuuliza, mume wangu alitazama chini. "Ningekwambia amekufa, ungeuliza kwa nini sikumzika."

Kumbe tangu wiki ya kwanza alijua anayekohoa ni nani. Akachukua heshima ya wazee wake, akanifunga nayo macho. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo, kwamba nilikuwa nikimkimbia aliyenitaka na kulala na aliyenidanganya.

Siku hizi kikohozi kikisikika natoka uani, nasema shikamoo. Mume wangu ndiye anayeingia ndani na kufunga mlango.

Nawe dada unayeolewa ugenini, mila utajifunza taratibu. Uliza kwanza makaburi ya nyumba hiyo yako wapi, uonyeshwe kila moja kabla hujakaa.