Nilimtundika Mzee Mashimba Upande wa Marehemu

Jamani, mimi nimeshaua mtu mchana kweupe, na marehemu mwenyewe akaniletea kiti nikae.

Msikimbilie polisi. Sikilizeni kwanza.

Naitwa Revocatus, kazi yangu ni kufunga TV ukutani. Jumamosi hiyo nilitakiwa kuvuka ziwa kwenda Sengerema kupeleka posa kwa kina Queen, mwanamke niliyemhangaikia mpaka nikakonda. Bibi yake aliyemlea, Bibi Dorotea, alishatoa neno: "Asipotokea siku hiyo, asikanyage tena hapa."

Mshenga wangu, Elias, alikuwa kivukoni tangu asubuhi, kavaa koti la kuazima.

Sasa tamaa hiyo! Mama mmoja wa Kirumba, Mama Modesta, akanipigia. Ana TV mpya, anataka ifungwe, halafu picha za familia zipangwe kuizunguka. Nikasema kazi yenyewe ndogo, namaliza chap nawahi kivuko.

Nikakata umeme wa nyumba nzima, nikatoboa, TV ikakaa. Zikabaki fremu kwenye kochi.

"Mama, hizi zinakaaje?"

"Panga unavyoona inapendeza, si ndiyo ufundi wenyewe?" akajibu kutoka jikoni. Alikuwa anakaanga sangara.

Basi nikapanga kwa mahesabu. Picha nyeusi na nyeupe zote kushoto kwa TV, za rangi zote kulia. Kubwa juu, ndogo chini. Nikarudi nyuma nikaangalia, nikajipenda mwenyewe.

Mama Modesta akatoka na mwiko mkononi, macho yote kwenye TV.

"Yesu wangu! Mawifi watakoma!"

Akapiga picha, akairusha kwenye grupu la ukoo. Simu ikaisha chaji palepale. Akarudi kwa samaki wake.

Nikawasha umeme, nikafungasha vifaa. Ndipo mume wake, Mzee Mashimba, akaingia kutoka uani alikokuwa anakunywa uji.

"Shikamoo mzee."

Aliusogelea ukuta, akaweka kidole kwenye fremu moja ya kushoto. Kijana mwenye afro na suruali ya bugaluu.

"Huyu nani?"

"Sijui mzee. Labda babu wa hapa, Mungu amrehemu."

"Ni mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Huyu baba yangu. Huyu mama. Huyu kaka yangu. Wote wamekufa. Kwenye ukoo wetu kushoto ni kwa waliotangulia, kulia ni kwa walio hai. Sasa kijana, mimi umenizika lini?"

Mama Modesta akachungulia, akaangusha mwiko. "Baba Modesta, haki ya Mungu mimi niliangalia TV!"

Nikapanda stuli nimtoe haraka.

"Usiguse!" Sauti yake ilinishusha yenyewe. "Aliyewekwa kwa wafu hatolewi na aliyemweka. Anatolewa na dada yake. Simu zetu zimeisha chaji na namba yake imo humo, zikiamka nampigia dada yangu aje. Mpaka afike, hutoki."

Akaenda getini, akabana kufuli, ufunguo mfukoni. Akarudi na kiti.

"Kaa."

Nikakaa. Ukuta wa nje umepandwa chupa juu, na nyuma kuna mbwa ambaye sikumpenda tangu nilipoingia.

Simu yangu ikaita. Elias.

"Wewe uko wapi? Kivuko kinapakia!"

"Nimefungiwa, bwana."

"Umefungiwa na nani? Revo, usiniletee utani!"

Nikamgeukia mzee, nikapiga magoti kabisa. "Mzee wangu, leo napeleka posa. Nisipofika namkosa mke."

"Wewe unakosa mke. Mimi nimekosa uhai, na bado nimetulia."

Honi ya kivuko ikalia huko ziwani. Elias akatuma neno moja tu: *Kimeondoka.* Nilitamani kulia, nikaona aibu kulia mbele ya mtu niliyemuua. Mama Modesta akatuletea sangara. Mzee akala. Mimi nikabaki naangalia geti.

Simu ikaita tena. Queen, analia.

"Revo, usije. Posa imeahirishwa. Tumepata msiba."

"Msiba wa nani?"

"Babu, kaka yake bibi. Mkewe ametuma picha kwenye grupu, ameshawekwa upande wa marehemu. Tunapiga simu zao hazipatikani. Bibi na wazee wote wako njiani wanakuja huko Kirumba."

Nikamwangalia mzee. Alikuwa anachokonoa mwiba kwenye meno.

"Queen, babu yako anaitwa nani?"

"Mashimba."

Ningeweza kukata simu na kunyamaza. Lakini binti wa watu alikuwa analia kwikwi, na wa kumnyamazisha amekaa mbele yangu.

"Mzee, ni mjukuu wako. Anakulilia."

Akapokea. "Queen? Ndiyo mimi. Sijafa. Aliyeniua ninaye hapa, fundi mmoja anaitwa Revo, eti leo anaposa."

Nikasikia Queen anapiga yowe. "Babu, ni mimi anayeniposa!"

Mzee akanitazama kuanzia viatu hadi nywele. Sijawahi kutazamwa vile.

Queen aliwapigia wazee wakiwa ziwani, mtandao ukagoma, na jioni vilio vikafika getini. Bibi Dorotea alipoona aliyefungua kufuli ni kaka yake, alimkumbatia, akampiga makofi ya mgongo, akamkumbatia tena. Kisha akaingia, akamtoa kushoto kwa mikono yake, akamtundika kulia.

"Nani alimpandisha kule?"

"Shikamoo bibi. Ni mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa nakuja kwako leo."

Bibi Dorotea akawageukia wazee wenzake.

"Wazee tumevuka ziwa zima na vilio vyetu," akasema. "Haturudi mikono mitupu. Mwite mshenga wako."

Posa ikapokelewa hapohapo, chini ya TV.

Wakati naaga, mzee alinishika bega akanionyesha nafasi wazi upande wa kulia.

"Hapa itakaa picha ya harusi yenu. Siku nikisikia umempiga mjukuu wangu, nakuhamishia kushoto mwenyewe. Na mimi sitakuwa nimekosea."

Ndugu zangu, ukuta wa mtu una wenyewe. Kabla hujaitundika sura, uliza kama inapumua.